Safu ya Wasomaji: Kukompaili kwa Saa Nyingi kwenye Kompyuta Kuukuu

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja. Mtu ana mashine ya zamani, anakompaili programu kubwa, yaani anaigeuza kutoka msimbo chanzo kuwa programu inayoendeshwa, na baada ya saa tano au kumi kazi inakatika. Tumechagua sita.

Ombi letu kwa atakayetuandikia: usitutumie mstari wa mwisho peke yake. `make: *** [all] Error 2` kutoka kwa `make`, programu inayosimamia kukompaili, maana yake ni kwamba kuna kilichoharibika huko juu, basi. Tunachohitaji ni kosa la kwanza, kwa hiyo hifadhi yote yanayopita kwenye skrini:

`set -o pipefail`
`make -j2 2>&1 | tee kazi.log`
`grep -n -m 5 -E 'error:|Killed|\*\*\*' kazi.log`

Wengi huacha ule mstari wa `pipefail`. Bila huo, `tee` ikimaliza salama Bash hudhani kazi nzima imefaulu hata kama `make` ilikufa zamani. Tena, kazi zikienda mbili mbili au nne nne kwa pamoja (ndiyo maana ya `-j2` na `-j4`), maneno yao huchanganyika. Usipoelewa ni faili lipi limegoma, rudia kwa `make -j1`, litajitokeza lenyewe.

Swali. Shikamooni wahariri. Nina laptopu ya Core 2 Duo yenye RAM ya GB 4, natumia Debian. Nakompaili LLVM pamoja na Clang (kompaila ya C na C++) kwa `make -j4`, aina ya Debug, yenye taarifa za utatuzi. Ikifika kama asilimia 60 inakata na kuandika `c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`. Nimefanya `make clean` na kuanza upya mara tatu. Je, msimbo una kasoro? (Mwanafunzi, Morogoro)

Jibu. Marahaba. Msimbo hauna kasoro, wala kompaila haina kosa. Neno la kushika hapo ni `Killed`: keneli (kiini cha mfumo wa Linux) ndiyo iliyoiua `cc1plus`, yaani kompaila ya C++ yenyewe, kwa sababu RAM iliisha na ilibidi mchakato mmoja utolewe ili mashine ipumue. Hakikisha hivi:

`sudo dmesg -T | grep -i 'out of memory'`

Utaona jina la mchakato uliouawa na mbele yake `anon-rss`, yaani kumbukumbu uliyokuwa umeishika kweli, kwa kilobaiti. Faili moja la C++ lenye templeti nyingi linaweza kula GB 1 na zaidi. Wewe umeruhusu manne kwa pamoja kwenye GB 4, na humo humo kuna mazingira ya dawati na pengine kivinjari. Watu wa Gentoo, ambao hukompaili karibu kila kitu, hupiga hesabu ya GB 2 za RAM kwa kila kazi sambamba. Kwa hesabu hiyo mwisho wako ni `-j2`, tena kivinjari kikiwa kimefungwa. Na usiandike `-j` bila namba hata siku moja: `make` huielewa kuwa hakuna kikomo. Ninja, programu nyingine ya kazi kama ya `make`, nayo ina tabia yake. Usipoitajia namba, kwenye prosesa ya viini viwili huanzisha kazi tatu.

Kosa lililokugharimu zaidi ni ile `make clean`. Kazi ikiuawa kwa kukosa RAM, mafaili ya `.o` (vipande vilivyokompailiwa) yaliyokwisha kukamilika ni mazima. `make` huyaruka na kuendelea na yaliyobaki. Umetupa usiku tatu bure, pole sana. Namna nzuri ya kupita sehemu nzito ni hii:

`make -k -j2 ; make -j1`

`-k` huiambia `make` isisimame kwenye faili lililoanguka bali iendelee na mengine yasiyolitegemea. Yale machache mazito yatabaki, na amri ya pili itayapitia moja moja yakiwa na RAM yote peke yao.

Kisha ongeza swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 4:

`sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=4096`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Hii ni kwa ext4. Kwenye Btrfs faili la swapu lina masharti yake mengine. Ila swapu haigeuki RAM. Inasaidia pale faili moja linapopanda ghafla kwa dakika mbili tatu, kisha likashuka. Fungua terminali ya pili uandike `vmstat 5`, utazame safu za `si` na `so`. Zikiwa na maelfu mfululizo huku taa ya diski haizimi, mashine inahamisha kurasa kwenda na kurudi na haikompaili chochote. Hapo punguza kazi sambamba. Swapu zaidi haitakuvusha.

Bado kuna kuunganisha. Hata ukipita asilimia 60 kwa `-j1`, Debug ya LLVM itakuangusha mwishoni, kwa sababu kiunganishi `ld` hupakia taarifa za utatuzi za mafaili mengi kwa mpigo. Diski nayo italiwa zaidi ya GB 15. Kama huna nia ya kuichunguza LLVM yenyewe kwa `gdb`, anza saraka mpya:

`cmake -G Ninja -S llvm -B jenga -DLLVM_ENABLE_PROJECTS=clang -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DLLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86 -DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1`
`ninja -C jenga -j2 clang`

`LLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86` peke yake huondoa mzigo mkubwa, maana bila hiyo unakompaili pia sehemu za ARM, PowerPC, RISC-V na prosesa nyingine ambazo hutazigusa. `LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS` hufanya kazi kwa Ninja tu. Ukibaki na `make` haina athari. Ni kweli utaanza upya, lakini ni mara hii moja.

Swali. Salaam aleikum. Kompyuta yangu ya mezani inakompaili vizuri nusu saa, kisha inatoa `internal compiler error: Segmentation fault`. Nikirudia amri ile ile, faili lile linapita na linaanguka jingine mbele. RAM ni GB 8 na haijai, nimeangalia. Nibadilishe toleo la GCC, kompaila yangu? (Fundi, Mombasa)

Jibu. Waaleikum salaam. Usiiguse GCC. Barua yako imejibu swali yenyewe pale uliposema faili lile lile linapita ukirudia. Kasoro ya kompaila haihami: faili lile, chaguo zile, huanguka mstari ule ule leo na kesho. Kosa linalozurura ni la vifaa. GCC yenyewe wakati mwingine hujaribu tena na kuandika `The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem`, na mara nyingi watu huusoma mstari huo wakaupita.

Anza na joto, kwa kuwa ni rahisi kupima na umesema nusu saa. Sakinisha `lm-sensors`, endesha `sudo sensors-detect`, kisha wakati wa kukompaili acha `watch -n 2 sensors` wazi. Linganisha namba na viwango vya `high` na `crit` vilivyoandikwa pembeni. Ikiwa halijoto inapanda taratibu hadi karibu na `high` na makosa yanaanza hapo hapo, umempata mchawi. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu. Vumbi kwenye mapezi ya kipoza joto hukaa kama blanketi, hasa upande wa chini ya feni usioonekana kwa juu. Unapopuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke, maana mzunguko wa kasi huharibu beringi. Kama pesti ya joto kati ya prosesa na kipoza imekauka na kuwa kama chokaa, ifute kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, upake mpya kiasi cha punje ya mchele katikati. Kujaza kingi hakupoozi zaidi. Kinamwagikia pembeni tu.

Joto likiwa sawa, pima RAM. `sudo apt install memtest86+`, washa upya, ichague kwenye menyu ya GRUB inayotokea mashine ikiwaka na uiache usiku kucha. Toleo la 6 na yanayofuata hufanya kazi pia kwenye mashine za UEFI. Kosa moja linatosha kuhukumu. Hakuna kiwango cha makosa kinachokubalika. Ukiliona, chomoa vijiti vyote, sugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa, kisha pima kijiti kimoja kimoja katika tundu moja, halafu badilisha tundu. Mombasa hewa ya chumvi hula miguu hiyo, na mara nyingi kusugua kunamaliza tatizo bila kununua kitu. Kosa likifuata kijiti, kijiti kibovu. Likibaki kwenye tundu, ubao mama ndio mgonjwa.

RAM na joto vikiwa vizima, tazama kapasita kwenye ubao na ndani ya ugavi wa umeme. Zilizovimba kichwani au kutoa ute wa kahawia zinahitaji kubadilishwa. Ila usifungue kasha la ugavi wa umeme kama huna mazoea. Kapasita zake kubwa hubaki na chaji baada ya kuchomoa waya.

Tofauti na mwenzako wa Morogoro, wewe fanya `make clean` baada ya matengenezo. RAM mbovu haiishii kuangusha kompaila. Inaweza kuandika faili la `.o` lenye biti iliyogeuka bila kulalamika, na programu ikaja kufa wiki mbili baadaye mahali usipopategemea. Pima na faili ulilopakua kwa `sha256sum`, maana nalo lilipita kwenye RAM ile ile.

Swali. Mashine yangu inaandika `Clock skew detected. Your build may be incomplete`, na kila nikiendesha `make` inaanza yote mwanzo hata kama sijabadilisha kitu. Na `git clone` inakataa cheti cha tovuti. (Kigoma)

Jibu. Andika `date`. Tunaamini utaona mwaka wa nyuma sana. Betri ya ubao mama imekufa, na kila ukizima umeme saa inarudi tarehe ya kiwandani. `make` huamua cha kukompaili kwa kulinganisha nyakati: faili la `.c` likiwa jipya kuliko `.o` yake, linakompailiwa. Msimbo wako una tarehe za miaka ya karibuni, nawe unatengeneza `.o` zenye tarehe ya miaka ya zamani. Zitaonekana kuukuu daima. Cheti nacho kinakataliwa kwa sababu kwa saa yako bado hakijaanza kutumika.

Weka saa sawa kwa `sudo timedatectl set-ntp true` kama una intaneti, kisha `sudo hwclock --systohc`. Kompaili mara moja hadi mwisho. Safari inayofuata haitarudia. Betri yenyewe ni CR2032 ya volti 3, ile bapa ya duara, na inapatikana hata kwa mafundi wa saa. Kabla ya kuichomoa piga picha kurasa za BIOS, hasa hali ya SATA kama ni AHCI au IDE, kwa sababu mipangilio itafutika. Kama ndani kuna Windows pia, kubadilika kwa hali hiyo kunaweza kuizuia kuwaka.

Swali. Umeme ulikatika saa mbili na dakika arobaini na tano usiku nikiwa nakompaili. Uliporudi nikaendelea, lakini sasa `ld` inasema `file not recognized: file format not recognized`. Lazima nianze upya? (Bujumbura)

Jibu. Hapana. ext4 haiandiki data papo hapo. Inaiweka kwenye RAM, kwa kawaida hadi sekunde 30, ndipo inaishusha kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, jina la faili linaweza kuwepo huku ndani hakuna kitu. `make` hutazama tarehe peke yake, kwa hiyo inaliona faili tupu kuwa limekamilika. Yatafute, ukiweka jina la saraka yako ya kukompaili mahali pa `jenga`:

`find jenga -type f \( -name '*.o' -o -name '*.a' \) -size 0 -print`

Ukiridhika na orodha, weka `-delete` badala ya `-print`. Kosa likiendelea, kuna mafaili yenye ukubwa kamili lakini yamejaa sifuri. Futa basi kila `.o`, `.a` na `.d` iliyoandikwa kuanzia dakika tano kabla ya giza: mahali pa `-size 0` weka `-newermt` na tarehe na muda, mfano `'2025-03-14 20:40'`, na uongeze `-o -name '*.d'` ndani ya mabano. Hizo `.d` (orodha za mafaili yanayotegemeana) zikiharibika ndizo hutoa `*** missing separator`, kosa linalowahangaisha watu wakidhani Makefile imeandikwa vibaya. Ninja ikisema `premature end of file; recovering`, iache, inajitengeneza yenyewe.

Kwa siku zijazo, kama laptopu yako bado ina betri yenye nguvu ya dakika kumi, zinatosha kubonyeza Ctrl+C, kuandika `sync` na kuzima kwa amani. Ctrl+Z peke yake husimamisha kazi lakini haiachii RAM wala haihifadhi chochote. Ukikompaili kwenye mashine ya mbali kwa `ssh`, anzia ndani ya `tmux`, ili mtandao ukikatika kazi isife nao.

Swali. Nimejaribu kukompaili keneli kwa mipangilio ya Debian. Saa tisa zimepita, diski ya GB 30 imejaa. Na kabla ya hapo `git clone` ilikatika mara mbili ikamaliza bando. (Eldoret)

Jibu. Tuanze na bando. `git clone` ikikatika haiendelei ilipoishia. Pakua faili la `tar.xz` kutoka kernel.org kwa `wget -c`, ambayo huendelea palipokatika. Toleo la mfululizo wa 6 halifiki MB 200, wakati historia nzima ya git ni gigabaiti kadhaa. Ukilazimika kutumia git, weka `--depth 1`.

Saa tisa zinatokana na moduli, vile vipande vya keneli vinavyoendesha vifaa. Debian huandaa keneli ya kila mashine duniani, yenye maelfu ya moduli, nawe unahitaji mia moja hivi. Chomeka kila kifaa unachotumia (modemu ya USB, printa, flashi, kamera) ili moduli zake zipakiwe, kisha:

`make localmodconfig`

Ikikuuliza maswali, bonyeza Enter kukubali jibu la kawaida. Kisichopakiwa wakati huo kitaondolewa, kwa hiyo hakikisha `vfat`, `usb-storage` na `loop` zipo. Watu wengi hugundua kukosekana kwa flashi wakiwa wameshamaliza.

Diski imejazwa na taarifa za utatuzi. Ziondoe:

`scripts/config -d DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT -d DEBUG_INFO_DWARF5 -d DEBUG_INFO_DWARF4 -e DEBUG_INFO_NONE`
`scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`
`make olddefconfig`
`make -j2 bindeb-pkg`

Majina hayo ya utatuzi ni ya keneli kuanzia 5.18. Ule mstari wa `SYSTEM_TRUSTED_KEYS` ni kwa sababu mipangilio ya Debian na Ubuntu hutaja faili la vyeti ambalo wewe huna, na kazi hufa ikisema `No rule to make target`. Kwenye Ubuntu safisha pia `SYSTEM_REVOCATION_KEYS` kwa njia hiyo hiyo. Baadhi ya vifurushi vya kuwa navyo kabla: `build-essential flex bison bc libssl-dev libelf-dev`. Keneli ya zamani iache ndani ya GRUB mpaka mpya imewaka na umeona Wi-Fi, sauti na usingizi wa laptopu vikifanya kazi.

Swali. Rafiki amenisaidia kukompaili kwenye mashine yake mpya ya Ubuntu 24.04 kwa `-O3 -march=native`. Nikiileta kwenye Core 2 Duo yangu yenye Debian 12 inasema `GLIBC_2.38 not found`. Alipojaribu njia nyingine ikasema `Illegal instruction`. (Nairobi)

Jibu. Wazo la kuazima mashine yenye nguvu ni zuri kuliko yote yaliyotangulia, na makosa yote mawili yana dawa. `-march=native` maana yake ni prosesa hii ninayokompailia, yaani ya rafiki yako. Core 2 haina SSE4.2 wala AVX, na ikikutana na amri hizo hufa. `dmesg` itaonyesha `trap invalid opcode`. Hapa andika `-O2 -march=core2`. Hilo ndilo pia linalofanya baadhi ya programu zilizokompailiwa tayari zikatae mashine kama yako. TensorFlow rasmi, kwa mfano, imekuwa ikidai AVX tangu toleo la 1.6.

Kosa la glibc (maktaba ya msingi ya C) ni la toleo. Ubuntu 24.04 ina glibc 2.39, Debian 12 ina 2.36. Programu iliyounganishwa na mpya haishuki kwenye ya zamani, ila iliyounganishwa na ya zamani hupanda. Rafiki yako atengeneze Debian 12 ndani ya saraka moja:

`sudo debootstrap bookworm /srv/bookworm http://deb.debian.org/debian`
`sudo mount --bind /proc /srv/bookworm/proc`
`sudo chroot /srv/bookworm`
`apt install build-essential`

Akiwa humo ndani akompaili kwa `-march=core2`, asakinishe kwa `make install DESTDIR=/tmp/mzigo`, kisha afunge `/tmp/mzigo` kwa `tar`. Hapo hata `-j16` ni ruhusa, kwa kuwa RAM ni ya mashine yake. Ukilipokea faili, lifungue kwanza kwenye saraka ya pembeni na uendeshe `ldd` juu ya programu yenyewe. Mstari wowote wenye `not found` unakutajia maktaba ya kusakinisha kwa `apt` kabla hujagusa `/usr/local`.